Ufito wa mwanzi wa zamani: anza na Granger, Payne atasubiri

Kabla ya kusoma jina lililoandikwa juu ya mpini, chukua futi ya kupimia. Fito nyingi za Kimarekani za kuvulia kwa nzi bandia (chambo kinachoigiza mdudu) zina vipande vitatu vinavyolingana urefu, pamoja na ncha moja ya akiba. Ncha ikipungua inchi mbili, ujue ilivunjika ikavishwa pete mpya ya kupitishia mshipi, na muuzaji ama hajui ama anajua mno. Mimi wa kwanza niliununua kwa kuangalia picha tu. Ncha zote mbili zilikuwa fupi.

Kisha uunganishe, ufumbe jicho moja na uutazame kama seremala anavyotazama ubao. Ncha kupinda kidogo si kesi. Papi za mwanzi, yaani vipande vyembamba vilivyogandishwa pamoja, zikiwa zimeachana, au kiungio kikicheza unapoutikisa, rudisha pesa mfukoni. Kiungio kizima ukikivuta hulia kama kizibo cha chupa. Chuma chake huitwa fedha ya Kijerumani, ingawa fedha haimo: ni shaba, nikeli na zinki.

Chaguo langu la kwanza ni Granger, fito zilizotengenezwa Denver, Colorado. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Wright & McGill waliendelea kuzitoa kwa jina hilohilo. Zilitoka kwa wingi, kwa hiyo bado zinapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, na kazi yake haikulipuliwa. Ile yenye namba 9050 ni ya futi 9 na wakia 5. Kwa mto mpana sioni ya kuizidi kwa pesa hiyo.

Ya pili ni Orvis, kampuni ya Vermont iliyoanza mwaka 1856. Katika miaka ya 1940 fundi wao Wes Jordan alianza kuunywesha mwanzi utomvu wa bakelaiti (aina ya plastiki), ukapenya hadi ndani. Hakuna vanishi ya kubanduka, na mvua haiutishi. Mtu mvivu wa matunzo auweke huu wa kwanza.

Ya tatu ni Hardy wa Alnwick, Uingereza, zenye jina la Palakona. Ni nzuri, ila baadhi ni nzito na huchosha kifundo cha mkono. Ukikutana nayo Nyeri au Nanyuki usishangae: samaki aina ya trauti waliletwa Kenya mwaka 1905 na kupandwa mto Gura, na walowezi walikuja na vifaa vyao. Siku hizi mambo yamegeuka. Nzi bandia wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani hufungwa na mafundi wa Kenya.

Chini yake naweka South Bend, Montague na Horrocks-Ibbotson, fito za kiwandani za bei poa. Nunua moja kama unataka kujifunza ufundi. Kwangua vanishi iliyochakaa, funga pete upya kwa uzi wa hariri, paka vanishi mpya mara tatu nne. Ukiharibu, hujaharibu urithi wa mtu. Kuunda mpya kabisa ni shughuli nyingine: unapasua mwanzi wa Tonkin kutoka Guangdong, China, unapiga randa papi sita kila moja ikiwa na pembe ya nyuzi 60, kisha unazigandisha kwa gundi. Mwanzi huohuo uliadimika Marekani baada ya vikwazo vya biashara dhidi ya China vya mwaka 1950, na fito za nyuzi za kioo zikapata soko.

Fito za Leonard, Payne na Garrison, mafundi mashuhuri wa Kimarekani, nimeziacha mwisho, na si kwa ubaya. Bei yake ni maelfu ya dola, na mtu akishalipa hivyo huogopa hata kuulowesha.

Kwa rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, Pflueger Medalist namba 1494 inatosha: ni rahisi, ngumu, na vipuri vyake havisumbui kupata. Hardy Perfect, iliyotoka mwaka 1891 ikizunguka juu ya gololi, ni tamu zaidi mkononi, lakini bei yake inaweza kupita ya ufito wenyewe.

Ukiona herufi HDH kwenye ufito, huo ni unene wa mshipi wa zamani. Leo omba namba 6. Na usiufungie kwenye bomba lake mfuko wake wa kitambaa ukiwa bado mbichi.