Pipx na PyInstaller: uzoefu wangu wa kusambaza programu za Python Mbeya

Natengeneza programu ndogo za stoo kwa wafanyabiashara wa viazi Uyole na wa mbao Mafinga. Kuiandika programu si tatizo. Shughuli ipo kwenye kuifikisha kwenye kompyuta ya mtu asiyejua Python ni nini. Miongozo mingi inafundisha kufungasha maktaba, yaani msimbo ulioandaliwa ili utumiwe na mtu wa programu mwenzako. Karani wa stoo hana habari na maktaba. Anataka abofye, kazi ianze.

Kwenye Linux nimehamia pipx, chombo cha kusakinisha programu za Python, na sirudi nyuma; naipa nyota nne. Tangu Debian 12 (mojawapo ya mifumo ya Linux), ukiandika pip install, amri ya kawaida ya kusakinisha vitu vya Python, nje ya mazingira pepe (folda iliyotengwa na Python ya mfumo), mfumo unakukatalia ili kuilinda Python unayoitegemea wenyewe. Pipx huipa kila programu mazingira yake, kama wapangaji ambao kila mmoja ana chumba na jiko lake. Programu ya ripoti inatumia pandas (maktaba ya kuchakata data) ya zamani, ya mizani inatumia mpya, na hakuna ugomvi. Kwako wewe mtengenezaji, kinachotakiwa ni mstari mmoja tu kwenye pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi, chini ya [project.scripts]:

ghala = "ghala.kuu:anza"

Bila huo, pipx inagoma: haioni amri ya kuendesha.

Nyota ya tano imekosekana kwa sababu mfumo ukipandisha toleo la Python, programu zote zinaweza kulala kwa mpigo. Dawa ni pipx reinstall-all, lakini inajenga kila kitu upya, na kwa bando la kuungaunga hiyo inauma.

Wateja wa Windows nawafungashia kwa PyInstaller (nyota tatu), chombo kinachogeuza programu ya Python kuwa ya kubofya tu. Inabeba na Python yenyewe, kwa hiyo mteja hahitaji intaneti wala kusakinisha kingine. Ila lazima uijengee hukohuko Windows. Ukiiendesha kwenye Linux hupati .exe, faili la kubofya la Windows. Na achana na --onefile, chaguo la kufungasha kila kitu kwenye faili moja. Faili moja linapendeza kwenye flashi, lakini kila likifunguliwa linajimwaga upya kwenye folda ya muda. Kwenye laptopu kuukuu karani anaona kimya, anabofya tena, mara madirisha mawili yamefunguka na haijulikani mzigo umeingizwa lipi. Antivirasi nazo hulishuku. Tumia --onedir, inayotoa folda badala ya faili moja, zipu folda nzima, mwekee njia ya mkato kwenye eneokazi.