Tranka la bati la pale SIDO Mwanjelwa, Mbeya, nimelitumia miezi minne

Kama unaishi na wifi au yeyote wa kuingia chumbani kwako bila hodi, usigombane nae, nenda SIDO kwa mafundi bati.

Wifi yangu sio mtu mbaya jamani, ila kwake cha kaka yake ni chake na cha mke wa kaka yake ndo chake zaidi. Baridi ya Mbeya mnaijua, Juni hiyo unaamka saa kumi na moja uwahi kazini, sweta hulioni, kumbe limeshaenda Uyole na mtu. Nilivyosema nikaonekana mchoyo. Nikajaribu mambo ya watu wa Pwani, nikanunua khanga doti nzima imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, nikajifunga kutwa napita mbele yake kama bango, unajua alisemaje? "Wifi khanga nzuri hiyo, kesho niazime naenda msibani." Na akaenda nayo. Huku kwetu khanga ni ya kubebea mtoto, nani anasoma jina.

Ndo nikaenda SIDO. Yale yaliyopangwa nje ni ya wanafunzi wa bweni, mengi bati jepesi, bonyeza mfuniko na kidole gumba, ukibonyea achana nalo. Mi niliagiza la futi tatu, bati zito, bawaba tatu, ribeti sio gundi gundi. Fundi akaanza 65,000 tukaishia 55,000. Akasema siku mbili, zikawa tano, kila nikipiga simu "kesho mama". Na rangi haikuwa imekauka vizuri, blanketi langu lina mstari wa bluu mpaka leo. Kufuli unanunua mwenyewe, usichukue yale ya bei ya kutupa, yanafunguka na ufunguo wa jirani.

Siku ya kwanza wifi aliligonga gonga na vidole, akauliza "umefungua benki?" tukacheka. Sijasema neno lingine lolote mpaka leo na hodi anapiga. Ila nina ujanja wangu, mafuta, kandambili na ile khanga naviweka juu ya tranka makusudi kabisa, vya juu achukue tu hata asipoomba, vya ndani ni vyangu. Zamani hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui kipi nampa kwa moyo na kipi kinaniuma.

Mama mkwe alivyokuja kutoka Tukuyu nilijua leo nasemwa. Akaliangalia, akakaa juu yake, akasema na yeye aliolewa na sanduku lake na ufunguo alikuwa anaufunga kwenye pindo la khanga.

Nyota nne. Moja nimekata kwa ile rangi na zile kesho zake. Baba watoto nae kaanza kuuliza ufunguo wa pili uko wapi, hayo tutaongea siku nyingine.