Mashine ya kusaga Ngamiani: unga mzuri, ila usubiri upoe

Kwenye mashine hii ya mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, hakuna gurudumu la maji wala mawe ya kusagia. Ni kinu cha nyundo, yaani vyuma vinavyozunguka kasi na kuponda nafaka, chenye mota ya umeme. Mto lakini haujajitoa kazini: mitambo ya kuzalisha umeme ya Hale (1964, megawati 21) na ile mpya ya Pangani (1995, megawati 68) huzungushwa na maji ya Mto Pangani.

Dona yao ni laini, haina chenga. Chujio hubadilishwa kabla halijatoboka, na nyundo zikilika upande mmoja hugeuzwa. Wasagaji wengi hupuuza hilo; nyundo butu huielemea mota, na unga hutoka wa moto zaidi. Mawe ya vinu vya maji vya Ulaya yalizunguka polepole, unga ukatoka vuguvugu tu. Nyundo huzunguka kasi, basi hata hapa usifunge kiroba papo hapo: tandaza unga upoe, la sivyo utatoa jasho na kuota ukungu, hasa kwa joto la huku pwani.

Mahindi yasiyokauka hukataliwa, na wana haki: unyevu ukizidi asilimia 13 hivi, chujio huziba. Kasoro ni vumbi, na foleni ya kukoboa sembe. Pumba ziulizie mapema, ni zako.