Natumia amiodarone, na anayenifuatilia ni mfamasia: uzoefu wangu

Naishi Columbus, Ohio, na moyo wangu hupiga ovyo bila mpangilio. Daktari wa moyo aliponiandikia amiodarone, dawa ya kurekebisha mapigo hayo, alisema atakayenifuatilia ni mfamasia wa kliniki. Nilikereka. Mfamasia niliyemzoea mimi ni yule wa dirishani, anakupa dawa na risiti, kwaheri.

Huyu hauzi dawa. Ana chumba chake, anaona faili langu lote, na kwa makubaliano ya maandishi na madaktari anaweza kuagiza vipimo na hata kubadilisha dozi. Siku ya kwanza alitaka nije na kila ninachomeza. Nikamwaga mfuko mezani: dawa ya presha, warfarin ya kuzuia damu kuganda, simvastatin ya kolesteroli ya miligramu 40, na unga wa mlonge anaonitumia dada kutoka Tanga. Mlonge hakuucheka, aliunusa, akauandika, akaomba niuache kwanza. Kilichomshtua ni simvastatin. Ukiwa kwenye amiodarone haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku, la sivyo misuli inaweza kuharibika. Akampigia daktari nikiwa nimekaa palepale, ikabadilishwa. Warfarin nayo ikapunguzwa, maana amiodarone huiongezea nguvu polepole, na INR, yaani kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda, ikawa inapimwa kila wiki mpaka ikatulia. Juisi ya balungi, marufuku.

Ni yeye aliyenieleza kwamba kidonge kimoja cha miligramu 200 kina madini joto yapata miligramu 75, wakati mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Tezi ya shingo lazima ihangaike! Tena dawa yenyewe haitoki mwilini upesi. Ukiiacha leo, itakuwa ndani yako kwa miezi. Ndiyo maana kabla hatujafika mbali nilipimwa tezi, ini, mapafu, eksirei ya kifua na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Damu hurudiwa kila baada ya miezi sita, eksirei kila mwaka.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nahisi baridi kuliko wenzangu wote nyumbani, na uzito unapanda. Nikasingizia theluji. Majibu ya damu yalipotoka, mfamasia alinipigia jioni ileile, akaniuliza hata kama navaa masweta kuliko wenzangu: tezi imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Sasa nameza levothyroxine, homoni ya tezi ya kidonge, alfajiri kabla ya chai, na amiodarone inaendelea. Kusema kweli, daktari mwenye dakika kumi na mlango umejaa wagonjwa sidhani kama angeniuliza habari za masweta.

Kero zipo. Ukipiga simu unaongea na mashine hadi uchoke. Bili ya maabara huja peke yake, wiki kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau. Na macho, ambayo dawa hii inaweza kuyagusa, hawayapimi wao. Unajitafutia daktari wa macho, na kwangu hiyo ni bima nyingine kabisa. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Ukipangiwa kliniki ya namna hii, beba chupa zenyewe, usibebe orodha ya kichwani. Jipake mafuta ya kukinga jua, hata sisi weusi, kwani ngozi huwa nyepesi kuungua. Na ukianza kukohoa kikohozi kikavu au kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, usingoje siku ya miadi. Piga simu, pambana na hiyo mashine.