Exedy Stage 1 kwenye Impreza WRX ya kwenda kazini: uzoefu wangu

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: kwa Subaru Impreza WRX ya gia tano inayopelekwa kazini kila siku, klachi ya Exedy Stage 1 inatosha, na sioni sababu ya kununua kitu kikali zaidi ya hicho. Anayetaka kujua kwa nini, na kwa nini mimi na kaka yangu tulilumbana wiki nzima juu ya klachi, aendelee kusoma.

Gari langu ni WRX ya 2004, msimbo wa modeli GDA, iliyoletwa kutoka Japani, injini EJ205 ya turbo. Kiwandani ilitoka na farasi 250 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya kilogramu-mita 34, yaani kama Nm 333. Yangu ina egzosi pana na programu ya injini imeguswa, kwa hiyo imevuka hapo, ingawa si kwa mbali. Naishi Likoni na kazi iko kisiwani Mombasa. Anayeijua feri yetu ameshanielewa. Kushuka kuingia pantoni si tabu, gari linajiviringisha lenyewe. Tabu ni kutoka. Watu wamejaa mbele na ubavuni, mkokoteni wa madafu unasukumwa na vijana wawili, lori lililo mbele yako linapanda zege hatua moja na kusimama, nawe unapanda hatua moja na kusimama, guu la kushoto halina mapumziko. Siku nyingine nakwepa feri kwa kuzunguka barabara ya Dongo Kundu, lakini mafuta nayo yana bei.

Klachi ya zamani ilianza kuteleza barabara ya Nairobi, pale unapopanda kuelekea Mazeras. Gia ya nne, turbo imeshika, nakanyaga mafuta nipite trela: sindano ya mizunguko inaruka kutoka 3,000 kwenda 4,000 na gari liko vilevile. Mjini hata usingejua. Klachi iliyochoka hujificha kwenye gia ndogo, ambako gari ni jepesi kusukumwa, ikaumbuka kwenye gia kubwa injini inapobeba mzigo wote. Ukitaka kupima yako tafuta barabara tupu, ingiza gia ya nne ukiwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta hadi chini, halafu tazama kama mizunguko na mwendo vinapanda pamoja.

Kaka yangu, ambaye gari analiazima zaidi ya ninavyopenda, alitaka klachi yenye sahani ya vipande sita vya seramiki. Hoja yake ilikuwa moja: boksi limeandikwa linabeba nguvu nyingi. Hapo ndipo wengi tunaponunua kwa macho. Uwezo wa klachi kubeba torki unatokana na vitu vinne: presha pleti (bamba linaloibana sahani ya klachi) inabana kwa nguvu kiasi gani, kitambaa cha sahani kinakwaruza kiasi gani, sahani ni pana kiasi gani, na nyuso za kukwaruzana ni ngapi. Kwenye gia boksi langu upana umeshaamuliwa, ni mm 230, na sahani ikiwa moja nyuso ni mbili tu. Kinachobaki ni kubana zaidi au kukwaruza zaidi. Ukibana zaidi, mguu wako ndio utakaolipa. Ukikwaruza zaidi kwa seramiki, klachi inashika ghafla, na gharama inahamia kwenye gia boksi.

Na gia boksi la gia tano la Subaru, jamani, sote tunajua sifa zake. Gia ya tatu ikikatika meno hakuna fundi anayeshangaa. Halafu gari linavuta kwa magurudumu manne. Gari la kuvuta kwa mbele ukiachia klachi vibaya tairi zinazunguka bure na mshtuko unaishia kwenye lami. WRX haina huruma hiyo. Tairi zote nne zimeshika chini, kwa hiyo mshtuko unarudi kwenye meno ya gia. Klachi inayoteleza kidogo wakati wa kuondoka ndiyo fyuzi ya mtambo mzima, na mtu akitoa fyuzi akaweka waya mnene, nyumba ikiungua asimlaumu fundi wa umeme.

Nilipanda gari la rafiki yake kaka lenye seramiki ya namna hiyo, lisilo na springi kwenye kitovu cha sahani. Barabarani ni tamu, sikatai. Gia zinaingia pah, pah, pah. Lakini tulipofika kwenye foleni ya Kibarani gari lilikuwa linaruka kama lina kwikwi, na kila aliyekuwa ndani alikuwa anasalimia dashibodi. Mwenyewe alikuwa ameshazoea, anaendesha kwa kuachia klachi yote na kuikanyaga tena upesi, hataki kabisa kuiburuza. Mama yangu hubebwa na gari hili kwenda kliniki. Mjadala ukafungwa pale.

Sahani ya kitambaa cha Kevlar nayo niliifikiria. Ni laini na hudumu, ila inataka kuzoeshwa kwa muda mrefu na haipendi kuchomwa. Ukiipasha moto mara moja vibaya uso wake unang'aa kama kioo na kushika kwake hakurudi sawasawa. Kwa mtu wa kupanda zege la feri asubuhi na jioni, hiyo ni kujitafutia maradhi.

Kwa hiyo Stage 1. Sahani yake ni ya ogani, kitambaa cha jamii ileile ya klachi ya kiwandani lakini kizito zaidi, kitovu kina springi, na presha pleti inabana zaidi. Exedy si wageni. Ni Wajapani wa Osaka waliokuwa wakiitwa Daikin kabla ya kubadili jina mwaka 1995, na wanatengenezea viwanda vya magari klachi za kawaida. Neno Stage lisikubabaishe lakini. Hakuna sheria inayosema Stage 1 ni kiasi gani. Kila kampuni inajipangia. Stage 2 ya huyu inaweza kuwa laini kuliko Stage 1 ya yule. Soma kitambaa ni cha nini, kitovu kina springi au hakina, na torki inayobebwa ni kiasi gani. Torki, si farasi. Klachi haijui farasi.

Ndani ya boksi nilikuta presha pleti, sahani, beringi ya klachi, beringi ndogo ya kati inayokaa kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa), na kile kijiti cha plastiki cha kulenga sahani. Kabla ya hapo muuzaji mmoja alikuwa amenionyesha boksi linalofanana kila kitu ila bei. Nikamwomba tu sahani niishike. Maandishi yaliyogongwa kwenye chuma yalikuwa yamefifia kama muhuri wa wino ulioisha, na springi mbili za kitovu zilicheza kwa kidole. Nikashukuru, nikaondoka. Jihadharini, bidhaa feki ni nyingi na klachi ikisambaratika ndani ya kengele ya gia boksi (kifuniko kinachoizunguka klachi) haichagui cha kuvunja. Orijino niliyonunua ilinigharimu karibu mara mbili ya klachi ya kawaida.

Sasa ufungaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa zinapopotea. Gari hili lina klachi ya kuvuta, si ya kusukuma. Beringi imejifunga kwenye vidole vya presha pleti, kwa hiyo huwezi kufungua nati za gia boksi ukaanza kulibandua kutoka kwenye injini. Ubavuni mwa kengele kuna kizibo kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa mm 10. Ndani yake kuna pini iliyobeba uma wa klachi, ule unaovuta beringi. Fundi wangu, mzee wa Changamwe asiyependa maneno, aliingiza bolti nyembamba ya mm 6 kwenye tundu la pini, akaizungusha kwa vidole mpaka ikashika, kisha akaivuta taratibu huku mkono mwingine ukitikisa uma. Pini ikatoka nyeusi, imelamba grisi iliyokauka. Akanigeukia: "Dada, asiyejua hii huja na mtaimbo." Nimeuliza baadaye na nimeambiwa gia boksi ngapi zimepasuliwa kengele kwa mtaimbo. Ukienda kwa fundi mgeni, muulize tu pini ya uma inatokea wapi. Akibabaika, washa gari uondoke.

Gia boksi lilipokuwa chini tukaangalia vitu vitatu ambavyo ni dhambi kuviacha. Sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu wa injini), ikabadilishwa. Kile kifuniko cha kutenganisha mafuta nyuma ya bloku, ambacho kwenye magari mengi yenye injini za EJ ni cha plastiki na kina tabia ya kuvuja. Changu kilikuwa kimelowa, tukaweka cha chuma. Ogani na mafuta ya injini havipatani hata kidogo. Tone likiingia kwenye sahani mpya, klachi inaanza kutetemeka na kuteleza, na wewe utadhani umeuziwa kitu kibovu. Cha tatu ni flaiwili. Ilikuwa na madoa ya buluu ya moto, ikapelekwa kwenye mashine kusawazishwa uso.

Niliambiwa niweke flaiwili nyepesi papo hapo. Sikuweka. Ile nzito ya kiwandani huhifadhi mzunguko, ndiyo inayokusaidia kuondoka mlimani bila kuvuta mafuta mengi. Ukiipunguza uzito injini inapanda mizunguko haraka na inashuka haraka, raha ya mwenye kukimbiza gari, lakini kwenye zege la Likoni inakulazimisha ukanyage mafuta zaidi na kuiburuza klachi zaidi. Tena gia boksi huanza kugonga injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma tu gari limesimama. Pesa hizo nikanunulia mafuta mapya ya klachi na mipira mipya ya ile silinda ya klachi iliyo juu ya gia boksi, chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo). Silinda hiyo ilikuwa na mafuta meusi kama kahawa tungu.

Kuizoesha kulikuwa ni kilomita 800 za mjini, kusimama na kuondoka, bila kukanyaga mafuta hadi chini. Kilomita za barabara kuu hazihesabiki sana hapa kwa sababu ukiwa gia ya tano klachi imekaa tu, haikwaruzani na kitu. Kaka alinyimwa ufunguo kipindi hicho chote. Mwanzoni kulikuwa na mtetemo mdogo asubuhi gari likiwa baridi, hasa kurudi kinyumenyume. Ulipungua wenyewe na sasa nausikia mvua ikinyesha usiku kucha, basi.

Ilivyo leo: mahali pa kushika ni juu kidogo kuliko zamani, na panajulikana, mguu unajua pa kusubiri. Kuondoka kwenye pantoni ni kama gari la kawaida. Barabara ya Mazeras, gia ya nne, mafuta hadi chini, mizunguko inapanda na mwendo. Sijasikia harufu ya kuungua hata siku ile feri moja ilipokuwa matengenezoni na foleni ikatushika hadi giza likaingia.

Kanyagio ni kizito zaidi, hilo lazima niseme, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa presha pleti inayobana zaidi. Wiki za kwanza paja lilinikumbusha kila jioni. Mwenye goti bovu aijaribu kwenye gari la mtu kwanza. Tena uzito huo hauishii mguuni. Kila unapokanyaga klachi unaiegemeza krenki upande mmoja, na kuna beringi ndani ya injini inayobeba msukumo huo. Ndiyo maana naona haya kumwambia mtu achukue presha pleti kali kuliko anayoihitaji, na ndiyo maana kwenye foleni naweka gia huru na kuachia kanyagio badala ya kukaa nimelikandamiza. Mafundi wetu wengi hawakuambii hili.

Wenye turbo kubwa na torki ya kutisha, Stage 1 si yenu, na kusema kweli hata gia boksi la gia tano si lenu. Mkihamia lile la gia sita la STI, ile WRX kali zaidi, kumbukeni sahani yake ni mm 240, ina flaiwili yake, na hii ya 230 haitaingia hata muiombee dua. Pimeni sahani ya zamani kwa rula na mhesabu meno ya kitovu kabla ya kutuma pesa Nairobi. Na wewe ambaye WRX yako haijaguswa kitu, torki ni ileile ya Japani, Exedy ya kawaida isiyo na Stage yoyote itakutosha, na kanyagio litakuwa jepesi.