SMART Recovery, kwa tunaouza dagaa Mwaloni

Hapa Kirumba, hela ya dagaa ikiingia jioni, glasi nayo inakusubiri. SMART Recovery, programu ya watu kusaidiana kuacha ulevi, ndiyo iliyonitoa huko. Ilianzishwa Marekani mwaka 1994, mikutano yake ya mtandaoni ni bure, na hulazimiki kuwa mtu wa dini wala kujiita mlevi.

Utamu wake ni jedwali la vyumba vinne: faida na hasara za kunywa, faida na hasara za kuacha. Langu liko nyuma ya daftari la mauzo. Kwenye faida za kunywa niliandika ukweli: usingizi unakuja haraka. Ndipo nikajua cha kushughulikia.

Hamu nayo hupanda, kisha hushuka yenyewe. Ila kama mikono inakutetemeka asubuhi, anza kwa daktari. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.