Vyuma vya lenta: nenda dukani na mzani

Wasomaji wamekuwa wakinitumia picha zinazofanana. Ufa umeanzia kwenye kona ya mlango, ukapanda ukutani kwa vidato, bloku hadi bloku. Kila mtu anamlaumu fundi. Mimi nawauliza: nondo za lenta, ile boriti ya juu ya mlango inayobeba bloku, zilikuwa na kilo ngapi? Kimya.

Kutu utaiona mwenyewe na bei utaisikia. Uzito ndio hakuna anayeuuliza. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10.6 hivi. Ya mm 10 ni kilo 7.4, ya mm 8 ni kilo 4.7. Hesabu yake rahisi: kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162, unapata kilo za kila mita. Sasa zipo zinazouzwa kwa jina la mm 12 wakati mwili wake ni mm 10.5. Unaweza kudhani ni kitu kidogo, kumbe hapo karibu robo ya chuma haipo, na bei ni ileile. Muuzaji akikutolea kipimo cha unene ataking'atisha kwenye matuta ya nondo, na kwenye matuta itasoma 12 bila shida. Kwa hiyo mwambie fundi akate kipande cha mita moja, ukiweke kwenye mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki. Kikisoma gramu 880 au 890, umepata mali. Kikisoma 680, umeuziwa jina.

Chaguo langu la kwanza ni lenta ya zege ya kumwagwa palepale: nondo nne za mm 12, ringi (vile vyuma vya kuzizungushia na kuzifunga pamoja) za mm 8 kila baada ya sentimita 20. Kwa nondo mimi ni mtu wa kiwanda cha Lodhia, sifichi, na hakuna aliyenilipa. Kama ukuta haujapanda bado, sioni sababu ya kuhangaika na kitu kingine.

La pili ni chuma cha pembe, kile chenye umbo la L. Hiki ni cha anayetoboa ukuta uliokwisha kusimama, mfano wale wanaogeuza chumba cha mbele kuwa fremu ya duka. Ukuta wa bloku za inchi 6 unataka viwili vya 75 kwa 75, vikae mgongo kwa mgongo, unene usipungue mm 6. Na hapa pia mzani: kipande cha mita 6 kina kilo 41 hivi, na ukipewa cha mm 4 hazifiki hata 30. Pima uwazi, ongeza sentimita 15 kila upande za kukalia ukuta. Mlango wa sentimita 90 unakula 120, hivyo kipande kimoja kinatoa vitano. Watu wa Kigamboni na Mbweni, mlio karibu na bahari, pakeni rangi ya kuzuia kutu kabla hakijapanda juu, pande zote, siyo ile inayoonekana tu.

Mhimili wa umbo la I ni wa geti la gari na nafasi pana. Hapo muite mhandisi apige hesabu, si mimi wala fundi wako.

Mabomba chakavu na mbao? Rahisi, ndiyo. Hapana.

Duka moja nilipoomba mzani, kijana alinicheka: "Dada, kwani unanunua nyama?" Nyama nusu kilo napimiwa mbele ya macho yangu, lakini chuma kitakachobeba bloku juu ya vichwa vya wanangu nakadiriwa kwa macho! Halafu linakuja lile swali lao: na risiti au bila risiti? Bila risiti bei inashuka kidogo, na siku unayorudisha nondo nyembamba wanakuangalia kama hawajawahi kukuona. Chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na usiondoke mpaka wameandika "nondo mm 12" na idadi yake. Wakiandika "vifaa vya ujenzi", warudishie waandike upya.